Siagi ya kibuyu, kutoka Murongo hadi Tandika

Mimi ni fundi friji. Nakaa Tandika, Dar es Salaam, na kila baada ya wiki mbili, Jumapili alfajiri, nakaa chini kwenye mkeka nimepakata kibuyu cha maziwa, nasuka siagi. Wateja walionikuta hivyo walidhani nimerogwa. Shangazi zangu kule Murongo, wilaya ya Kyerwa, hawadhani, wana hakika. Kwetu mwanamume hagusi kibuyu cha kusukia. Akikigusa, ng'ombe wake watakauka maziwa. Mimi sina hata ndama, nikaona hasara yangu itakuwa ndogo.

Haya nimeyapata kwa bibi mzaa mama, tuliyemwita Kaaka. Alizaliwa ng'ambo ya mto Kagera, upande wa Ankole, Uganda, akaolewa huku kwetu na maneno yake akaja nayo. Kibuyu cha kusukia alikiita ekisaabo. Kusuka ni okucunda. Chombo cha mti cha kukamulia ni ekyanzi. Hakunifundisha hata siku moja, kwa kuwa nilikuwa mvulana na kazi yangu ilikuwa ndama. Nilijifunza kwa kuchungulia mlangoni, nikifukuzwa narudi. Ndiyo maana nayajua zaidi kwa sikio kuliko kwa jicho, na kumbe kusuka siagi ni kazi ya sikio hasa.

Maziwa

Maziwa ya pakiti achana nayo. Mengi yamepita kwenye mashine inayopasua matone ya mafuta yakawa madogo mno. Utasuka mpaka Idi na hayatashikana. Tafuta maziwa ya ng'ombe moja kwa moja kwa mfugaji. Mimi nachukua lita 5 kwa mama mmoja Chanika, na huomba ya jioni, kwa sababu ya jioni huwa na mafuta zaidi kidogo kuliko ya asubuhi. Mara ya kwanza ukinunua kwa mtu usiyemjua, weka glasi moja kwenye friji usiku kucha. Asubuhi utaona malai yamepanda juu. Yakiwa uzi mwembamba tu, huyo kakuuzia bomba.

Ng'ombe wa kisasa weusi kwa weupe wanatoa maziwa mengi yenye mafuta kama asilimia 4 hivi. Ng'ombe wetu wa pembe ndefu anatoa kidogo, lakini mazito. Kwa lita 5 za Chanika napata siagi kama gramu 200, siku nzuri zaidi kidogo. Usitegemee ndoo.

Sasa hapa ndipo nilipovunja mwiko wa kwanza. Kaaka hakuchemsha maziwa. Wahima wa zamani, wafugaji wa kule Ankole, waliamini kwamba ukiyachemsha maziwa unamdhuru ng'ombe aliyeyatoa. Mimi nayapasha mpaka nyuzi 72, nahesabu dakika moja, halafu sufuria naitumbukiza kwenye beseni la maji ya barafu. Kuna ugonjwa wa kutupa mimba, ambao binadamu anaupata kwa maziwa mabichi na ukimshika unamtesa kwa homa na maumivu ya viungo miezi na miezi. Kuna na kifua kikuu cha ng'ombe. Kaaka aliwajua ng'ombe wake mmoja mmoja kwa jina. Mimi wa Chanika sijawahi hata kuwaona pembe. Kama huna kipimajoto, pasha mpaka vipovu vidogo vizunguke ukingo wa sufuria na mvuke uanze kupanda, kisha epua. Yasifure.

Yakipoa yakawa ya uvuguvugu tia nusu kikombe cha mtindi mzuri uliobaki safari iliyopita, koroga, funika, acha. Dar yanaganda ndani ya saa 18 hadi 24. Murongo, penye baridi, yalikaa siku mbili. Yawe yameganda laini na yana uchachu wa kupendeza. Yakishaanza kutoa maji ya kijani juu umechelewa, siagi itatoka ila itakuwa kali. Unaweza kusuka malai matamu bila kugandisha, watu wanafanya, lakini siagi yake haina habari yoyote ya kukupa.

Kibuyu

Chagua chenye tumbo la duara na shingo fupi inayopitisha kiganja. Kwa lita 5 za maziwa tafuta cha lita 10 au 12. Maziwa yasizidi nusu ya kibuyu, maana yanayoleta siagi ni kule kuanguka na kujigonga. Kibuyu kilichojaa hakisuki, kinabembeleza tu.

Kibuyu kipya kina uchungu, na vingine uchungu wake unaumiza tumbo kweli. Kijaze maji, kiache siku moja, mwaga, jaza tena. Tia kokoto safi na maji, tikisa kwa nguvu, nyama ya ndani itatoka vipande vipande. Fanya hivyo siku nne, tano. Mwisho onja yale maji kwa ncha ya ulimi. Yakiwa bado machungu, endelea. Wiki ikiisha bado machungu, kifanye pambo.

Kikikauka, kifukize. Hii ndiyo roho ya kazi yote. Kaaka alikuwa na chungu kidogo cha kufukizia. Ndani yake majani makavu yaitwayo emburara yanafuka bila kuwaka, na mdomo wa kibuyu unageuziwa pale mpaka tumbo lijae moshi. Moshi unaua harufu mbaya, unazuia maziwa yasiharibike haraka, na unaiachia siagi harufu ambayo mtu wa kwetu akiinusa popote duniani anakumbuka mama yake. Mimi mwaka wa kwanza nilitumia makumbi ya nazi, kwa vile ndiyo yaliyokuwapo. Siagi ikanuka kama samaki wa kubanika. Baadaye nikajaribu mchaichai uliokauka, ikawa afadhali, ila mke wangu akauliza kama nimemwagia chai. Sasa naletewa fungu la emburara kwa basi la Karagwe, mara mbili kwa mwaka.

Ukikosa kibuyu, tumia ndoo safi ya plastiki yenye mfuniko mzuri au chupa pana ya kioo. Siagi utaipata. Brenda pia inatoa siagi kwa dakika chache, nimejaribu, lakini inaipasha moto na kuijaza maji, na kelele yake inakuficha lile unalotakiwa kulisikia.

Joto, kabla ya jini

Mara yangu ya kwanza Dar ilikuwa mwezi Machi, saa nane mchana. Nilisuka kwa muda wa saa mbili na robo. Jasho limenitoka, mapaja yanawaka, na ndani ya kibuyu kuna povu jeupe lisilo mwanzo wala mwisho. Katikati ya kazi jirani alikuwa amechungulia, akasema, "He, fundi, leo unafanya ya wanawake?" akaenda zake. Nikampigia simu shangazi yangu mkubwa.

"Shikamoo shangazi."

"Marahaba. Mbona unahema?"

Nikamweleza. Akanyamaza kidogo.

"Kuna mtu aliingia akatoka?"

"Yupo, jirani."

"Ndiye huyo. Kaondoka nayo." Halafu, kwa sauti ileile, kama anamalizia sentensi moja: "Na huko kwenu si joto? Maziwa umeyalaza kwenye maji?"

Nilijiona mjinga. Mimi ambaye nakula kwa kupoza vitu! Nikachomeka kipimajoto: nyuzi 29. Kwa joto hilo mafuta ya maziwa yamelainika mno, matone yakigongana yanateleza badala ya kushikana. Na yakiwa baridi sana, tuseme nyuzi 8, ni magumu kama changarawe, yanagongana na kuachana. Yanataka yawe katikati, nusu magumu nusu laini. Kwa maziwa yaliyoganda mimi naanza nyuzi 14 na siagi inatoka ikiwa imefika 17 au 18, kwa sababu mapaja yangu, hewa ya chumba na msuko wenyewe vyote vinapasha. Kaaka alisuka alfajiri, kabla jua halijagusa ua, na akisema anayesuka jua likiwa juu anasukia mashetani. Kipimajoto hakuwa nacho. Alikuwa nayo asubuhi ya Murongo.

Kwa hiyo weka maziwa yaliyoganda kwenye friji mpaka yafike hapo, suuza kibuyu kwa maji ya baridi, anza mapema. Kama unaishi Njombe au Arusha mambo yanaweza kugeuka, ukalazimika kuyaweka karibu na jiko kidogo.

Kusuka

Kaa chini, nyoosha miguu, weka kanga iliyokunjwa mapajani. Laza kibuyu, mkono mmoja shingoni, mwingine chini ya tumbo. Kisukume mbele, kirudi. Usikirushe kwa hasira. Mwendo ni kama wa kumbembeleza mtoto mkaidi: mbele, nyuma, mara moja kwa sekunde hivi. Ziba mdomo vizuri kwa kizibo na kitambaa safi. Dakika tano za mwanzo fungua mara mbili tatu utoe hewa, maana maziwa yaliyoganda yana gesi, na kizibo kikiruka utaufuta ukuta mpaka jioni.

Baada ya hapo sikiliza. Mwanzo ni maji matupu, yanasema chwa-chwa-chwa. Dakika kama 15 sauti inafifia, kibuyu kinakuwa kizito na kimya, kama kimejaa pamba: hilo ni povu, na hapo ndipo wengi wanapokata tamaa. Usisimame. Ghafla, kati ya dakika 30 na 45, sauti inarudi, lakini si ileile. Sasa kuna maji mepesi na kitu ndani yake kinachogonga, bwata, bwata. Fungua uangalie. Ukiona chenga za manjano, kubwa kama punje za mtama, imetoka. Tia glasi moja ya maji baridi sana, suka polepole mara ishirini, chenga zitakusanyika madonge.

Ukiendelea kusuka kwa nguvu baada ya hapo, unaikandia siagi maziwa ndani yake na itaoza mapema.

Na ikikataa? Pima joto kwanza. Likiwa juu ya nyuzi 20, tia vipande vya barafu, ngoja dakika kumi. Likiwa chini ya 12, kikumbatie kibuyu, kweli, kikumbatie. Kama joto liko sawa na saa nzima imepita, angalia kama umejaza kupita kiasi, punguza. Vyote vikiwa sawa, basi maziwa yaliongezwa maji, na mwiko unaohusika ni wa muuzaji.

Mengine ya Kaaka

Siku hizi ni mtindo kusema kila mwiko wa wazee ulikuwa sayansi iliyofichwa. Mimi sikubali. Mingine ilikuwa sayansi, mingine ilikuwa adabu, mingine ilikuwa ya kumkalia mke wa mwana shingoni, na mingine sijui hata pa kuiweka.

Mgeni akikuta unasuka, kwetu asiondoke mpaka siagi itoke, au akiwa na haraka aweke mkono kwenye kibuyu akisukume mara chache, ndipo aende. Akitoka hivihivi anaondoka na siagi. Nilicheka niliposoma kwamba Ireland, mbali huko Ulaya, walikuwa na karibu jambo hilohilo: mgeni alitakiwa aushike mti wa kusukia, apige kidogo na kuibariki kazi, la sivyo akashukiwa mwizi wa siagi, na siku ya Mei mosi hawakutoa moto wala maziwa nje ya nyumba. Walioogopa kunyang'anywa siagi walikuwa wengi kuliko nilivyodhani. Ukifikiri, siagi inakufanya uogope. Jana imetoka, leo haitoki, maziwa ni yaleyale, mikono ni ileile. Nani asingemtazama jirani?

Mwiko huu naufuata. Jirani yangu yule sasa akija anasukuma kibuyu mara tatu, anacheka, anakaa. Napumzisha mikono.

Anayesuka haulizwi "bado?" Siagi ikisikia inarudi nyuma. Kibuyu hakirukwi, hata kikiwa kitupu. Hakiwekwi chini penye vumbi. Kaaka alikuwa na jukwaa la vyombo vya maziwa ndani ya nyumba, orugyegye, na mtoto aliyekwenda kuchezea pale alikumbuka siku hiyo. Donge la kwanza, dogo kama kunde, alimpaka mtoto mdogo kuliko wote kwenye paji la uso. Haya yote bado nayafanya, isipokuwa orugyegye yangu ni juu ya friji mbovu ya mteja ambaye hajarudi tangu mwaka juzi.

Kula maharage na kunywa maziwa siku moja ilikuwa marufuku. Nyama pia ilikuwa na masharti yake. Hilo limenishinda, maharage ndiyo mboga ya nyumba hii. Na msichana aliyekuwa katika siku zake hakunywa maziwa ya ng'ombe wenye kuzaa wala hakusogezwa karibu na kibuyu. Dada zangu walikaa pembeni na njaa huku sisi tunakunywa. Hilo nimelitupa, wala silitafutii sababu.

Watu wa nje walipofika kwetu waliona maziwa, hawakuona kazi. Speke, mpelelezi Mwingereza, alipofika Karagwe kwa mfalme Rumanyika mwaka 1861, alistaajabia wanawake wa jumba la mfalme walionenepeshwa kwa maziwa, akatoa na kipimo akampima mmoja wao mkono, kifua na paja. Ningependa angepima na kibuyu.

Kuosha, chumvi, na baada ya hapo

Chota madonge kwa mkono uliolowa maji baridi, weka kwenye bakuli la mti au la udongo. Yanayobaki kibuyuni usimwage: huo ndio mtindi wenyewe kwa maana ya zamani, maziwa yaliyosukwa yakatolewa siagi, ingawa dukani leo neno hilo limebeba kila kilichoganda. Kunywa ukiwa wa baridi. Mimi kwa huo tu ningesuka hata kama siagi isingetoka.

Mwagia siagi maji baridi, ikande kwa mwiko wa mti, mwaga maji meupe, rudia. Mara ya nne au ya tano maji yatakuwa safi. Usifupishe hapa, maziwa yanayobaki ndani ndiyo yanayoiozesha. Kamua maji yote, tia chumvi kijiko kimoja cha chai kwa gramu 250 ukipenda. Bila chumvi ile ndani ya wiki.

Ukitaka samli, iyeyushe kwa moto mdogo. Itatoa povu na kulialia. Huo ni mlio wa maji yanayotoka. Kelele zikikoma na machicha ya chini yakawa ya kahawia hafifu, harufu kama ya karanga zinazokaangwa, epua hapohapo na uchuje kwa kitambaa. Gramu 200 za siagi hazifiki gramu 170 za samli. Inakaa miezi bila friji, jambo ambalo kwa mtu wa kazi yangu si la kulitangaza sana.

Lakini Kaaka alikuwa akiificha siagi nyingine, haichemshi, anaiacha ikae mpaka ipate ukali kidogo, kwa ajili ya eshabwe, mchuzi mweupe wa siagi. Chukua kikombe kimoja cha siagi ya namna hiyo. Loweka kijiwe cha magadi, kama ncha ya kidole, kwenye nusu kikombe cha maji yaliyochemshwa yakapoa. Yaache yatuame, tumia ya juu tu. Piga siagi kwa mwiko huku unadondoshea maji hayo kidogo kidogo. Rangi ya manjano itaanza kukimbia, itakuwa nyeupe pepepe na kufura. Endelea na maji baridi ya kawaida yaliyochemshwa mpaka iwe kama uji mwepesi, tia chumvi, chuja. Inaliwa baridi, na ndizi za kupika au ugali wa ulezi. Kwa Wanyankole harusi isiyo na eshabwe inasemwa mwaka mzima.

Kibuyu ukimaliza kisuuze kwa maji ya moto bila sabuni, kianike kivulini, kifukize tena, kitundike mdomo chini.

Fungu la emburara la mwisho lilifika mwezi uliopita. Shangazi analifunga kwenye kiroba, na juu yake anaandika kwa kalamu nzito jina la mke wangu, siyo langu, kwa sababu hawezi kumtumia mwanamume majani ya kufukizia. Mke wangu, ambaye ni mzaliwa wa Lindi na hajawahi kusuka kitu kingine zaidi ya nywele, anakwenda stendi, anaonyesha kitambulisho, anachukua mzigo, anakuja kunikabidhi mlangoni.